Mwenye Macho Haambiwi Tazama

Katika miaka yangu ya ukufunzi kwenye chuo cha ualimu, kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukaa nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwalimu mwanafunzi amesimama mbele na chaki yake, andalio la somo liko mezani, watoto wametulia kuliko kawaida kwa sababu wamemwona mgeni, nami nimejibana kwenye dawati la mwisho nikiwa na fomu ya tathmini magotini. Fomu ile ilikuwa na sehemu zake: utangulizi, maarifa mapya, zana, lugha ya mwalimu, ushirikishwaji wa wanafunzi, na hitimisho. Kila sehemu nilitakiwa kuipa alama na kuandika maoni mafupi. Nilistaafu mwaka 2010, fomu zikabaki chuoni, lakini tabia ya kukaa nyuma na kupima somo la mtu sikuweza kuiacha.

Katika insha hii nataka kuipima aina moja ya somo ambayo wakati wetu haikuwako. Ni somo linalorekodiwa kutoka kwenye skrini ya kompyuta. Mwalimu wake haonekani. Kinachoonekana ni skrini yake, madirisha yakifunguka na kufungwa, na sauti yake inasikika ikieleza anachofanya. Vijana wa leo hujifunza mengi kwa njia hii: kutengeneza majedwali ya hesabu, kuandika barua za maombi ya kazi, kupanga kurasa za kitabu. Mimi nayapima masomo haya nikiwa mtu asiyeona, na zaidi ya hayo nikiwa mtu asiyeona aliyejaribu kurekodi somo la namna hiyo yeye mwenyewe. Msomaji atanisamehe basi nikianza na habari zangu kabla ya kufika kwa wenzangu.

Macho yangu yaliharibiwa na glakoma. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi, na ndiyo sababu huwakuta watu wengi wamechelewa. Huanza kula pembezoni mwa uoni, katikati pakibaki pazuri, hivyo mtu anaendelea kusoma gazeti lake bila shida huku akijigonga kwenye miimo ya milango. Mimi nilikuwa nawalaumu mafundi seremala. Kufikia mwaka 2015 gazeti lenyewe lilinishinda, na miaka miwili baadaye ilibaki nuru kidogo tu ya kunijulisha kwamba kumekucha.

Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea kompyuta yake ya zamani akaitia programu inayosoma skrini kwa sauti. Inaitwa NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, ambaye naye haoni, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake James Teh, asiyeona vilevile, wakaunda shirika la kuiendeleza. Inatolewa bure kwa yeyote duniani. Kabla yake zilikuwapo nyingine za kulipia, na iliyojulikana zaidi ni JAWS, iliyotoka mwaka 1989, kazi ya Mmarekani Ted Henter, mshindani wa mbio za pikipiki aliyepoteza uoni wake katika ajali ya gari mwaka 1978. Nimewataja watu hawa makusudi. Vyombo hivi tunavyovitumia vilibuniwa na wasioona wenyewe, kama nukta nundu zilivyobuniwa na Louis Braille, aliyekuwa kipofu tangu utotoni.

Namna programu hii inavyofanya kazi ni jambo ambalo watu wengi hulielewa vibaya, na bila kulielewa hili ukosoaji wangu hautakuwa na msingi. Kwa kawaida programu haiitazami picha iliyoko kwenye skrini. Inaiuliza kompyuta: kishale kipo kwenye kitu gani, kitu hicho kinaitwaje, ni cha aina gani, na kiko katika hali gani? Kisha inasema. Hifadhi, kitufe. Rangi mbili, kisanduku cha kuteua, hakijateuliwa. Kama aliyetengeneza ukurasa hakukipa kitufe chake jina, programu husema kitufe na kunyamaza, nami hubaki kama mtu aliyefika kwenye mlango usio na namba. Kipanya sikitumii. Natembea kwa vitufe vya kibodi, kutoka kitu kimoja hadi kingine, kwa mstari, kama mtu anayepapasa ukuta wa ukumbi. Sauti ya Kiswahili niliyowekewa ni kavu. Inasoma kama mgeni aliyejifunza lugha yetu kitabuni. Lakini mtu huizoea, na sasa nikisikia binadamu anasoma polepole nachoka kumsubiri.

Sasa nirudi kwenye dawati langu la nyuma. Nianze na masomo ya wenzetu wanaoona, maana ndiyo mengi. Nimesikiliza mengi ya Kiswahili, na sina budi kusema kwanza kwamba vijana wanaoyarekodi ni watu wa moyo. Wengi hawalipwi. Wanachoma umeme wao na vifurushi vyao vya intaneti ili mtu wasiyemjua ajue kujumlisha safu ya namba. Kwenye utangulizi ningewapa alama nzuri. Wanasalimia vizuri na kusema somo linahusu nini. Tatizo ni lugha ya mwalimu. Somo lenyewe huenda hivi: tukija hapa, unabonyeza hapa, inakuja hivi, unashuka mpaka hapa chini, unachagua hii, halafu unafanya hivi, na hapo imekubali. Katika somo moja la kama dakika kumi nilianza kuhesabu neno hapa, nikaacha nilipofika sitini.

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Vijana hawa wameishika methali hiyo wakaipita. Wanaamini kwamba kwa kuwa picha ipo, picha itasema, na kazi ya mdomo ni kuisindikiza tu. Nisieleweke vibaya: silalamiki kwamba wamenisahau mimi. Mtu anayerekodi somo kwa ajili ya watu elfu hawezi kumkumbuka kila mmoja. Ninachosema ni kwamba hata wale anaowakumbuka hawafundishi. Jioni moja mke wangu, ambaye macho yake ni mazuri kwa umri wake, alitaka kujifunza kuandika orodha ya michango ya kikundi chao cha akina mama. Alifungua somo kwenye simu. Picha ya skrini nzima ya kompyuta imebanwa kwenye kioo cha simu, kishale kinaonekana kama punje ya mchele, na kijana anasema bonyeza hapa. Mke wangu akaiambia simu, "Hapa wapi, baba?" Akairudisha nyuma mara tatu. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, na kwa mara ya kwanza katika jambo la kompyuta tulikuwa darasa moja.

Neno hapa ni jepesi sana mdomoni mwa mwalimu kwa sababu humwondolea kazi ya kukumbuka jina la kitu. Lakini mwanafunzi hakulikosa hapa, alilikosa jina. Somo likiisha hana neno la kuuliza nalo. Hawezi kumpigia mwenzake simu akamwambia nimekwama mahali fulani. Kisha toleo jipya la programu likitoka na vitufe kuhamishwa, hapa yote sitini hufa siku moja, ilhali kitufe kinachoitwa Hifadhi kikihamishwa upande wa pili bado kitaitwa Hifadhi.

Jambo hili si langu peke yangu. Kundi la kimataifa linaloweka kanuni za intaneti, World Wide Web Consortium, lilitoa mwaka 2008 toleo la pili la miongozo yake ya kuwafikia watu wote, na humo kanuni ya 1.3.3 inasema kwamba maelekezo yasitegemee tu umbo la kitu, ukubwa wake, mahali kilipo au sauti. Naomba neno tu lisisitizwe. Kanuni haikatazi kusema juu upande wa kulia. Inataka useme kitufe cha Hifadhi, kilicho juu upande wa kulia. Kwa maneno machache yaliyoongezeka mwenye macho anapata mahali na asiyeona anapata jina.

Nije sasa kwa wenzangu wasioona, nisije nikaonekana nawapendelea. Wako wanaorekodi skrini zao wakifundisha wengine, wengi wao ni wa nchi za nje na wanafundisha kwa Kiingereza, lakini wa Kiswahili nao wameanza kusikika. Kwenye lugha ya mwalimu wanawashinda wanaoona, tena kwa mbali. Hawana hapa. Hawawezi kuwa nayo, kwa sababu kitu kisicho na jina kwao hakipo. Kila hatua inatajwa: bonyeza Alt, pita kwenye menyu mpaka usikie Faili, shuka mara nne. Nimejifunza mengi kwa watu hawa, na deni lao kwangu ni kubwa kuliko la chuo chochote nilichosoma.

Hata hivyo wana makosa mawili ambayo ningeyaandika kwa kalamu nyekundu. La kwanza ni kasi. Mtu aliyezoea programu ya kusoma skrini huiongezea mwendo mwaka hadi mwaka, mpaka asikiaye mara ya kwanza hudhani redio imeharibika. Kuitumia hivyo faraghani ni haki yake, hata mimi nafanya. Lakini kurekodi somo la wanaoanza katika mwendo ule ni kujionyesha, sawa na mwalimu wa hesabu anayeruka hatua ili darasa lijue kwamba yeye hazihitaji. Pamoja na hilo wengi huiacha mashine iseme wakati nao wanasema. Sauti mbili hugombana na mwanafunzi hapati hata moja. Miongozo ile ile niliyoitaja inashauri, katika ngazi yake ya juu kabisa, kwamba sauti ya nyuma ya maneno ya msemaji iwe chini kwa desibeli 20 angalau. Mwalimu anaweza kufanya zaidi ya hapo: asubiri mashine imalize, kisha aseme.

Kosa la pili ni kuidharau picha. Kwa kuwa haituhusu, tunaiacha ijiendee. Dirisha limefunguka nusu skrini, kipanya kimesahauliwa juu ya maandishi, ujumbe wa faragha unachomoza kwenye kona mtu akirekodi, na anayeona haelewi macho yake ayapeleke wapi, maana kishale cha kibodi huruka kutoka hapa kwenda kule bila kupita katikati. Nilikuwa nikisikia malalamiko haya kwa watu wengine na kuyapuuza. Niliona kwamba wanaoona wana masomo yao elfu, watuachie haya machache.

Nilibadilika kwa aibu. Mwaka 2021 alinipigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa naye ni mkufunzi. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za nyumbani, alinieleza kwamba anafundisha walimu watakaokwenda kwenye shule za kawaida zenye watoto wasioona ndani yake. "Mwalimu," akaniambia, "wanachuo wangu wanasoma kwenye vitini kwamba asiyeona anaweza kutumia kompyuta. Hawajawahi kuona. Naomba uturekodie unavyoandika andalio la somo, mwanzo mpaka mwisho." Nilifurahi kuliko ninavyopenda kukiri. Mtu akistaafu, halafu akapofuka, watu humjia kumjulia hali. Ni nadra kumjia kumpa kazi.

Nilifanya maandalizi ya siku tatu. Nilitumia OBS, programu ya kurekodi ambayo nayo hutolewa bure. Mjukuu alinisaidia kwa simu kupanga vitufe vya kuanzia na kusimamishia, kwa sababu programu hiyo ikianza kurekodi haikuambii kwa sauti kwamba imeanza. Nilitenga sauti yangu na sauti ya mashine katika njia mbili, nikarekodi sekunde ishirini, nikasikiliza, nikapunguza ya mashine, nikarudia. Nilipunguza pia mwendo wake mpaka nikaona uvivu. Kisha nikafunga dirisha kwa sababu ya kuku, nikarekodi dakika thelathini na mbili bila kukwama. Nikasikiliza yote. Nilijipa alama za juu.

Baada ya wiki moja mkufunzi alipiga simu. Alizunguka kidogo, kama mtu anayetafuta pa kukaa. Mwishowe akasema, "Mwalimu, sauti ni nzuri sana. Lakini picha haikuja. Ni giza tupu, mwanzo mpaka mwisho."

Ndani ya NVDA kuna kitu kiitwacho pazia la skrini. Ukiliwasha, skrini inakuwa nyeusi na wewe unaendelea na kazi kwa kusikia. Nimeliwasha kwa miaka, kwa sababu mtu asiyeona akiandika barua yake hajui nani amesimama nyuma yake anaisoma. Ni faragha yangu ndogo. Nililizoea kiasi kwamba nilisahau kwamba lipo, na kile kilichorekodiwa ni pazia. Nilikuwa nimejaribu sauti mara nne. Picha sikuijaribu hata mara moja, na jambo baya zaidi ni kwamba haikunipitia akilini kwamba inafaa kujaribiwa.

Nilimwuliza kama wanachuo walicheka. "Walicheka, Mwalimu," akasema. Namshukuru kwa kunijibu kweli. Lakini yeye ni mkufunzi mzuri, na kosa langu hakulitupa. Aliwaambia wasikilize hivyo hivyo, waandike hatua. Walipomaliza, wengi waliweza kuzitaja hatua zote kwa mpangilio wake. Akawapeleka kwenye kompyuta wakazifanye. Hapo wengi walikwama. Walijua kwamba kuna kitu kinaitwa Mitindo, hawakujua kinafananaje wala kinakaa upande gani, wakawa wanakitafuta kwa macho skrini nzima wakati kipo mbele yao. Somo langu lilikuwa na majina yote na halikuwa na mahali hata pamoja. Kijana wa hapa sitini alikuwa na mahali pote na hakuwa na jina hata moja. Kwa fomu ya tathmini, tulipata alama sawa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, alipoisikia habari hii alinipa ushauri ambao ninajua ulitoka moyoni. Alisema: kwa nini ujisumbue na picha usiyoiona? Rekodi sauti tu, kama vipindi vya elimu vya redio vya zamani. Kipofu kufanya picha ni kama kiziwi kupiga ngoma, atapigia nani?

Nililifikiri swali hilo kwa siku kadhaa, kwa sababu si la kipuuzi. Kwa mwanafunzi asiyeona, kweli, sauti inatosha. Lakini mtoto asiyeona katika shule ya kawaida hakai peke yake. Anakaa na mwalimu anayeona. Siku mashine ya mtoto itakaponyamaza, mwalimu huyo atainama kutazama skrini, na kama hajawahi kuona kile ambacho mtoto anasikia, watakuwa watu wawili wanaozungumzia kompyuta mbili tofauti. Mtoto atasema niko kwenye kitufe kisicho na jina, mwalimu atasema mbona ninaona picha ya diski. Picha yangu ni kwa ajili ya mwalimu huyo. Ni mahali pekee ambapo sikio la mtoto na jicho la mwalimu vinaweza kukutana kabla hawajakutana darasani. Kiziwi naye, kwa kweli, anaweza kupigia ngoma watu wanaocheza, mradi akubali kuwauliza kama mdundo umekaa sawa.

Basi nilirekodi upya, na safari hii niliishughulikia picha kama mtu anayepika chakula asichokila yeye. Nilizima pazia. Nilipanua dirisha lijaze skrini. Nilizima taarifa zote zinazochomoza. Niliwasha ndani ya NVDA kitu kinachochora mstari kuzunguka mahali kishale kilipo, ili jicho la mtazamaji lipate pa kushika, na kingine kinachoandika kwenye skrini kila neno ambalo mashine inatamka, ambalo faida yake ni kubwa hata kwa asiyesikia. Kisha nikarekodi dakika moja ya majaribio, nikaicheza, nikaisimamisha katikati, nikaiamuru NVDA itambue maandishi yaliyomo ndani ya picha ile iliyosimama. Inaweza, kwenye Windows za sasa. Ikanisomea kichwa cha andalio langu. Siwezi kumweleza msomaji nilivyojisikia. Nilikuwa nimeitazama picha yangu mwenyewe.

Hata hivyo sikuridhika na mashine. Kabla ya kupeleka nilimwita mke wangu akae atazame yote. Alitazama kwa subira, akasema mambo mawili: maandishi ni madogo, na kuna mahali nimesema shuka chini wakati mstari ulikuwa unakwenda kulia. Lilikuwa kosa. Kwangu mimi kila kinachofuata ni chini. Nilirudia sehemu hiyo.

Ningeweza kuishia hapa nikajisifu. Lakini niliahidi kupima kwa haki, na nyani haoni kundule. Katika kusikiliza hapa za vijana nilikuwa nasikia sauti ninayoifahamu, nami nilichelewa kukubali kwamba ni yangu.

Mwaka 1983 nilikuwa mkuu wa shule ya msingi na nilifundisha Hisabati darasa la sita. Nilijulikana kwa kufundisha haraka na vizuri. Nilikuwa nasimama ubaoni na fimbo ya kuonyeshea, nikisema hii ukiihamisha huku, hapa inabaki ngapi? Na darasa zima linajibu. Palikuwa na mvulana mmoja mrefu, ambaye kwa urefu wake alikaa nyuma. Kazi zake za nyumbani zilikuwa sahihi, za darasani zilikuwa ovyo, na mara mbili nilimkamata ananakili kutoka daftari la jirani yake. Mara ya pili nilimchapa mbele ya wenzake, viboko vitatu, na kumwambia kwamba mwizi wa jibu ni mwizi. Hakujitetea. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa.

Nilikuja kuelewa mwaka 2016, mwenyewe nikiwa nimeinamia gazeti lililonishinda. Yule mtoto alikuwa haoni ubao. Hakuwa ananakili majibu. Alikuwa ananakili maswali. Na mimi, mwalimu mkuu, sikuwa nimeyatamka. Nilikuwa nimesema hii, na huku, na hapa. Laiti ningesema tano chini ya nane toa moja chini ya nne, angeyaandika kwa sikio, na labda maisha yake yangechukua njia nyingine. Nasema labda, maana watoto wengi wenye macho mazuri nao hawakuchaguliwa miaka ile.

Niliuliza habari zake kijijini. Niliambiwa yupo, ana shamba na wajukuu, na anavaa miwani minene aliyoipata ukubwani. Nikapewa namba yake. Tulizungumza kwa muda mrefu, alifurahi sana, akaniuliza habari za macho yangu na kuniombea. Nilipomtajia siku ile alisema, "Mwalimu, hiyo mbona siikumbuki." Watu wetu wana adabu. Sijui kama haikumbuki kweli au alinistahi, nami sikuona kwamba nina haki ya kumwuliza mara ya pili.

Hiyo ndiyo sababu somo lililorekodiwa haliwezi kuwa jambo dogo kwangu. Mwalimu aliyesimama darasani anaweza kuona mtoto anakunja uso, akarudia. Mimi niliona na sikurudia, lakini nafasi nilikuwa nayo. Anayerekodi skrini hana uso wa kutazama. Hajui kama mwanafunzi wake ni mwanamke wa makamo mwenye simu ndogo, ama kijana aliye kwenye daladala na hawezi kutazama muda wote, ama mtoto wa dawati la nyuma. Basi hana budi kulitamka swali zima, kila mara, na kuionyesha picha nzima, kila mara, kama anavyoweka chumvi mezani asiyejua nani anakula bila chumvi.

Kwa vijana wanaoona nina zoezi moja, na nililiandika pia kwa wanachuo wa yule mkufunzi. Kabla ya kurekodi, geuzeni viti vyenu, skrini iwe mgongoni. Mtu mwingine akae kwenye kibodi. Mwelekezeni kwa mdomo mpaka amalize kazi. Mtaona jinsi neno hapa linavyokufa lenyewe. Kwa wenzangu wasioona nina zoezi lingine: kabla hamjatoa somo lenu, mkalisheni mtu anayeona, mnyamaze, na mmwombe awaambie anachokiona, si kama somo ni zuri. Wengi watasema ni zuri kabla hujauliza.

Somo langu la pili linatumika chuoni hadi leo, nimeambiwa. Mkufunzi alinisomea kwa simu maoni ya wanachuo. Mmoja aliandika kwamba sauti ya mashine inachosha. Ni kweli. Mwingine aliandika kwamba mzee anarudia rudia majina ya vitufe kama anafundisha watoto wadogo. Nilimwomba mkufunzi anisomee hayo mara ya pili, na nikamwambia asiyafute kwenye faili.